Kidole cha Nis na Meza ya Metha

Habari za kidole cha Nis zilinifikia kabla Botilla, mkewe, hajavua koti. Alitoka kwa daktari akaja kwangu moja kwa moja, akakaa jikoni na glavu zake mkononi, akaniambia kwamba sasa ni mawili: ama keki ziondoke, ama kidole kiondoke. Kidole chenyewe ni gumba la mguu wa kushoto. Nikamwekea kahawa. Nikamwekea na keki pia, kwa mazoea, halafu tukabaki tunaitazama kama bunduki iliyoachwa mezani.

Siwezi kusema nilikaa na siri hiyo, maana sikuombwa nikae nayo. Hadi jioni kijiji chetu chote cha Sandkobbel kilikuwa kinajua, na kesho yake watu waliokutana na Nis hawakuuliza hali yake, waliuliza ya kidole. Asmus, mume wangu, alimkuta mbele ya duka akamuuliza kama mkubwa hajambo. Nis akajibu kwamba mkubwa anasalimia.

Nis ni fundi wa matrekta, mtu mnene, mpole, mwenye vidole kama soseji za Krismasi. Lakini kila Jumapili hujisugua hadi grisi itoke, akavaa viatu vyake vyembamba vya ngozi, akaenda kupiga kinanda cha kanisani, kile kikubwa cha mabomba kinachopigwa kwa mikono juu na kwa miguu chini. Mikono yake ni ya kawaida tu. Miguu ndiyo maajabu. Akizikanyaga zile noti nene za mwisho, benchi linakutetemekea chini ya makalio, na hata wale wanaokuja kanisani kwa ajili ya kuhesabu kofia mpya wanajikuta wameinamisha vichwa. Noti hizo ziko kushoto kabisa. Mguu wa kushoto ndio unaozifuata. Kwa hiyo kidole hicho hakikuwa cha Nis peke yake, kilikuwa cha parokia.

Kisukari alikuwa nacho miaka mingi, na alikitunza kama wengi wetu huku wanavyokitunza: unameza kidonge, kisha unaona kidonge kimekupa ruhusa ya keki. Miguu ikaanza kufa ganzi taratibu. Msimu wa mavuno kikatoka kidonda chini ya gumba, naye hakukisikia; Botilla ndiye aliyeona damu kwenye soksi. Kidonda kikakaa. Majani yakapukutika, Krismasi ikapita, kidonda bado kipo.

Daktari wetu, Thilde, ni binti mrefu wa Copenhagen ambaye hata hajazoea upepo wetu. Alisema nesi atakiosha na kukifunga, Nis atavaa kiatu maalumu kisichogandamiza, vidonge ataendelea navyo, lakini sukari ikibaki juu kwenye damu hakuna kidonda kitakachofunga. Basi abadilishe chakula chote. Sukari hapana, keki hapana, mkate hapana, viazi hapana. Ale mayai, samaki, nyama, jibini na mboga za majani. Aende kupimwa kila baada ya muda, na kabla ya Pasaka wataamua. Kama kidonda hakijaanza kufunga, atampeleka mjini kwa wale wanaokata.

Kwa watu wa kwingine hilo ni usumbufu tu. Kwetu kusini mwa Jutland, huku Denmark, ni kama kufukuzwa kijijini. Ukiambiwa karibu kahawa huku, usile chakula cha mchana. Zinatangulia skonzi na siagi, hizo ni msingi tu wa kushikilia tumbo. Kisha zinakuja keki saba laini, za krimu na matunda na ile nyeusi ya mkate wa nafaka ya rai. Kisha saba ngumu, biskuti na vikaukau vya kila namna. Na unaonja zote. Mwenye nyumba hahesabu kwa mdomo, anahesabu kwa macho, na ukiruka moja umeshatangaza kwamba ina kasoro. Enzi za utawala wa Wajerumani babu zetu walinyimwa vibali vya pombe kwenye mikutano yao, wakaamua kulewa keki, na hadi leo hatujapata nafuu. Mama yangu mzazi alizikwa bila kupatana na jirani yake kwa sababu ya kipande kimoja cha keki nyeusi kilichobaki kwenye sahani.

Na malkia wa meza hizo ni Metha, dada mkubwa wa Nis. Mama yao alifariki Nis akiwa bado anapangusa makamasi kwa mkono wa shati, na Metha akamlea. Alimlea kwa keki. Akianguka, keki. Akifaulu, keki. Alipoanza kujifunza kinanda, alikuwa anamwekea biskuti juu ya kinanda, moja kwa kila wimbo uliokwisha bila kukosea.

Wiki za mwanzo zilikuwa za kuchekesha, ukiwa si Botilla. Nis alikula kabichi kwa uso wa mtu anayesoma wosia usiomtaja. Alinuna, alizunguka jikoni, alifungua makabati yaliyo tupu akayafunga kwa adabu. Siku moja Botilla alimkuta gereji amesimama anavuta harufu ya kopo la vanila. Akamwambia akamilishe kabisa, alambe na kifuniko. Lakini keki hakugusa. Aliapa kwa kinanda, na huyo akiapa kwa kinanda ameapa.

Tulimwonea huruma, kijiji kizima. Akipita kwako, utamwachaje mtu mzima akitazama wenzake wanakula? Basi ukimwona anakataa keki ya kwanza, anakataa ya pili, jasho linamtoka kwenye paji, unamsogezea skonzi. Moja ya moto, siagi inayeyuka. Akimaliza unamsogezea nyingine. Mimi nilifanya hivyo, Metha alifanya hivyo zaidi ya wote, na skonzi za Sandkobbel msimu ule zikaanza kuwa kubwa, kila mwanamke akitaka mgonjwa ashibie kwake.

Kipimo cha kwanza kikaja. Sukari ilikuwa imeshuka kidogo mno, kama mtu aliyeshuka ngazi moja akasita. Kidonda kilikuwa vilevile.

Haya ninayosema nimeyapata kwa Botilla, naye haongezi chumvi, hajui hata kuitia kwenye supu. Anasema alimgeukia mumewe palepale mbele ya daktari akamwita mwongo. Nis akawa mwekundu, akarudia kiapo chake cha kinanda. Ndipo Daktari Thilde akaweka kalamu chini.

"Jana umekula nini? Anza asubuhi."

"Mayai," Nis akasema. "Mchana kabichi na samaki. Halafu nikapita kwa dada, pale nikala skonzi."

"Skonzi ngapi?"

"Skonzi hazihesabiwi, daktari."

"Si nilikukataza mkate?"

"Mkate sijaugusa. Na keki sijaigusa. Hizo ni skonzi."

Daktari alimtazama Botilla kuomba msaada, na Botilla, maskini, alikuwa anatikisa kichwa kuunga mkono. Kwani skonzi si keki. Haimo kwenye saba wala saba. Hakuna mtu wa huku aliyewahi kuiweka kwenye hesabu. Daktari akauliza kwa upole ndani yake mna nini. Botilla akaanza kutaja: unga wa ngano, maziwa, siagi, yai, na sukari kidogo, si nyingi, konzi moja tu. Anasema alipofika kwenye konzi alijisikia mwenyewe akiisema, akanyamaza.

Walirudi nyumbani. Habari ikasambaa, na mimi nilichangia, ikazua mjadala kwenye ukumbi wa kijiji ambao hata mchungaji aliukimbia. Kama skonzi ni keki, basi tumekuwa tukila saba na saba na moja miaka yote hii? Asmus alisema ndiyo maana suruali zake zinasinyaa.

Nis akaacha skonzi. Sasa ndipo ikawa kazi kweli, maana hakubakiwa na kitu cha kushika mkononi. Watu wakikaa kunywa kahawa, yeye anashika kikombe kwa mikono miwili kama mgeni kwenye kituo cha treni. Akaanza kupunguza kutembelea watu. Akawa anasema ana trekta la kumalizia.

Na Metha akachukia. Kwake yeye ni kama daktari amesema hadharani kwamba skonzi zake zinaua. Siku yake ya kuzaliwa ya kutimiza miaka sabini na tano ilikuwa inakaribia, ukumbi umeshachukuliwa, wiki moja tu kabla ya kile kipimo cha mwisho cha Nis. Akatangaza, na akahakikisha linamfikia kila mtu, kwamba atakayekaa mezani kwake ataonja vya mezani kwake. Asiyeweza abaki kwake.

Nis alimwambia mkewe kwamba hatakwenda. "Nikienda nitakula," alisema. "Kwa watu wengine naweza kukataa. Metha sijawahi kumkatalia kitu tangu nizaliwe, na nikianza na moja sitaishia hapo. Najijua."

Basi ikawa hivyo: akienda anapoteza kidole, asipokwenda anapoteza dada. Botilla alilia jikoni kwangu, nami sipendi watu walie jikoni kwangu, nimezoea wacheke. Nikavaa buti nikaenda kwa Metha.

Nilimkuta anapiga mayai. Hakuniambia kaa, nikakaa.

"Umetumwa," akasema.

"Mimi natumwa na nani? Najituma."

"Basi kajitume kwingine. Nimemlea kwa mikono hii, Marga. Mama amekufa, baba yuko shambani kutwa, nani alimlisha? Leo kaja kabinti ka Copenhagen kananiambia nilikuwa namlisha sumu."

"Hakusema hivyo. Kidole umekiona?"

"Nimekiona kikiwa kama punje ya njegere. Kucha zake nilikuwa nazikata mimi."

"Nauliza sasa hivi. Umekiona sasa hivi?"

Akaendelea kupiga mayai, kwa nguvu kuliko mayai yalivyohitaji. Nikajua hajakiona. Nikajua pia kwamba hataki kukiona, kwa sababu ukishakiona huwezi tena kusema ni maneno ya watu. Nikanywa kahawa yangu, nikaonja alivyonipa, vyote, nikaondoka bila kushinda.

Jumapili ile kulikuwa na baridi hadi pumzi za waimbaji zinaonekana. Nis alikaa kwenye kinanda na mguu wa kulia katika kiatu chake chembamba, na wa kushoto amevalia lile likiatu la hospitali, ameuweka pembeni kama mzigo wa mtu mwingine. Wiki ile nesi alikuwa amemkataza kuukanyagia. Akapiga hivyohivyo, kwa mguu mmoja. Wimbo ulikuwa ule tunaouimba sote kwa moyo, na ubeti wa mwisho ulipofika, pale ambapo zile noti nene huwa zinaingia na kutubeba, hazikuingia. Palikuwa na sauti za juu tu, nyembamba, zinaelea. Tuliimba kama watu waliokwenda kukaa na kiti kikaondolewa. Sijui kama wengine walimtazama Nis. Mimi nilikuwa namtazama Metha, naye aliacha kuimba katikati ya mstari.

Ibada ilipokwisha hakwenda kusalimiana mlangoni. Alipanda ngazi nyembamba kwenda kwenye kinanda, na magoti yake yale mabovu, huku amejishika ukutani. Nilipanda nyuma yake, asije akaanguka. Ndivyo nilivyowaambia watu baadaye.

"Vua soksi," alimwambia mdogo wake.

"Dada, hapa ni kanisani."

"Mungu ameshawahi kuona mguu. Vua."

Nis akavua kiatu, akavua soksi, akafungua na bandeji kidogo pembeni. Metha akachuchumaa, akachukua ule mguu akauweka mapajani pake, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha. Akakaa nao. Kisha akafunga bandeji vizuri kuliko nesi, akamvisha soksi, akasimama.

"Jumamosi unakuja," akasema. "Na utaonja kila kitu nitakachokuwekea. Usipokuja sitakusamehe mpaka nakufa, na sina mpango wa kufa karibuni."

Akashuka. Nis akanitazama mimi, kana kwamba mimi najua. Sikujua. Wiki ile nzima sikujua, na kwangu hiyo ni wiki ndefu. Metha alifunga mlango wake wa jikoni. Nilipita na kisingizio cha bakuli la kuazima, akanipa bakuli kupitia dirishani.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Meza ilikuwa ya kukumbukwa: laini saba zimesimama kama makanisa, ngumu saba kwenye visahani vya marehemu mama yake, skonzi chini ya vitambaa. Nis aliingia wa mwisho, ameshikana mkono na Botilla, uso umempauka kama wa bwana harusi. Metha akamwonyesha kiti, karibu na chake. Mbele ya kiti palikuwa patupu, hakuna hata sahani. Wapo waliodhani anamwadhibu.

Metha akaenda jikoni, akarudi amebeba sinia la fedha, lile la harusi yake ambalo halitoki ila kwa wachungaji. Akaliweka mbele ya Nis akafunua.

"Saba laini," akasema, "na saba ngumu. Hesabu mwenyewe."

Nilinyanyuka kabisa nione. Laini: mayai yaliyojazwa malai na bizari, samaki wa moshi aliyesagwa na siagi, ini la kusaga ndani ya vikombe vya tango, jibini jeupe lililofinyangwa mfano wa keki likapambwa majani, parachichi, ambalo Metha analiita tunda la Copenhagen na alilishika kwa mashaka, na mengine ambayo sikuyatambua mara moja. Ngumu: ngozi ya nguruwe iliyokaangwa ikawa inalia ukiitafuna, lozi za kuchoma, jibini kavu lililookwa likawa kama biskuti nyembamba zenye matundu, figili, soseji kavu, na vingine viwili. Kila kimoja kwenye kisahani chake, na karatasi ya mapambo chini yake. Pembeni, mahali pa skonzi, kulikuwa na jani la kabichi limekunjwa duara na siagi inayeyuka juu.

"Huo ndio msingi," Metha akasema. "Anza na msingi. Na ukiruka hata kimoja nitajua."

Nis alikula. Alikula kwa mpangilio, kama anavyostahili mtu wa huku, msingi, laini, ngumu, na kwa kila kimoja alitikisa kichwa na kusema kitu, naye Metha alisimama nyuma ya kiti amefunga mikono anahesabu kwa macho. Alipofika kwenye jibini la kuoka, Nis aliweka kipande chini, akajipangusa uso kwa kitambaa cha meza. Metha akamwambia hicho kitambaa ni cha mama, ajipanguse kwa mkono wa shati kama zamani.

Shida ilianza Asmus aliponyoosha mkono kuchukua ngozi ya nguruwe. Metha akampiga kofi la kiganja. Lakini kijiko kikatokea upande mwingine kwenye mayai, na punde nikaona keki ya krimu ya Metha yenyewe imesimama haijaguswa huku wanawake wazima wanainama juu ya sinia la mgonjwa wakiulizana ameoka kwa moto gani. Metha alifoka, lakini ni kule kufoka kwa mtu anayetaka uendelee.

Jumatano yake mke wa mwenye duka alimkaribisha Nis kahawa. Alikuwa na saba laini na saba ngumu zake mwenyewe, na jibini lake, akasema bila kuulizwa, lilikuwa jembamba kuliko la Metha. Nikajua Nis amepona upweke. Mambo yakishafikia mashindano huku kwetu, hayafi tena.

Kabla ya Pasaka Daktari Thilde alipima damu, akafungua bandeji, akainama na taa yake. Botilla anasema daktari alitabasamu kabla hajajua anatabasamu. Sukari ilikuwa imeteremka kweli safari hii. Kidonda kilikuwa kinafunga kutoka pembeni, nyama nyekundu safi. Akawaambia ugonjwa haujaondoka na hautaondoka, vidonge viendelee, kupimwa kuendelee, na chakula ndicho hicho, leo na mwakani. Lakini mjini haendi mtu. Na Jumapili ya Pasaka, kwa uangalifu na viatu vyake vyembamba, mguu unaweza kukanyaga kinanda. Kisha akauliza, kwa aibu kidogo, kama angeweza kupata yale maelezo ya jibini la kuoka. Botilla akamwambia hilo itabidi amwombe Metha mwenyewe, na ajiandae kukaa.

Asubuhi ya Pasaka kanisa lilijaa hadi ngazini, nami najua sababu, maana niliwaambia. Wimbo wa kwanza ukaenda, sauti za juu, nzuri, za kawaida. Tukafika ubeti wa mwisho. Ikaingia noti ya chini, polepole, kama mtu anayejaribu barafu kwa mguu. Ikasimama. Ikafuata nyingine, chini zaidi, halafu benchi likaanza kutetemeka chini yangu, na vitabu vya nyimbo vikatikisika kwenye rafu zake, na Asmus akaimba kwa sauti ambayo sijaisikia tangu tuoane.

Metha alikuwa kando yangu. Macho mbele, kofia imenyooka.

"Anakanyaga kama anaua panya," akasema.

Akafungua mkoba wake kutafuta leso, akaikosa, nikampa yangu. Alipomaliza nayo hakunirudishia. Aliniuliza kama nina lozi za kutosha nyumbani, kwa kuwa kahawa ya Jumatatu ni kwangu, na mdogo wake asije akakuta ngumu sita.